Mwalimu Wetu wa Selo

Kilichomuudhi Mwalimu kuliko kitu kingine chochote ni kusikia selo yake ikiitwa gitaa. Ukiiita fidla kubwa alikuvumilia, maana hapo alikuona umejaribu. Lakini gitaa! Watoto wa mtaa wake kule Themi waliijua adhabu: anayesema gitaa anakalishwa kwenye kigoda barazani, anasikiliza wimbo mzima, kisha anaulizwa, "Gitaa linapigwa hivyo?" Adhabu yenyewe haikumwogopesha mtu. Jumamosi asubuhi ungekuta watoto wanne wamejipanga getini, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kukosea.

"Hawa wananichezea," aliniambia siku moja, akipaka ulimbo kwenye upinde wake. "Najua kabisa wananichezea. Wewe usiwaambie kwamba najua."

Tulikuwa watatu. Mimi nilipiga fidla, Harjit alipiga piano, na Mwalimu selo. Kwa miaka kumi na moja tulizunguka na muziki ule wa kizamani wa Ulaya, ulioandikwa kwa ajili ya watu wachache kupiga chumbani bila kipaza sauti. Tulipiga kwenye kumbi za shule, makanisani, kwenye bwalo la chuo Babati, kwenye ghala la kahawa Karatu, na mara moja Singida, ambako walitungoja saa tatu kwa sababu ya pancha na hakuna aliyeondoka. Siku za kazi mimi nilikuwa napima mbegu kwenye maabara Tengeru. Harjit alikuwa anauza vipuri vya magari katika duka la baba yake mjini, na mazoezi tulifanyia katika chumba cha juu ya duka hilo, katikati ya maboksi ya breki na fan belti. Mwalimu alikuwa mstaafu. Alifundisha jiografia sekondari maisha yake yote, na nilimjua kwanza hapo, nikiwa kidato cha pili, nikichora mto Pangani uking'ang'ania kupanda mlima.

"Ndeshi," aliniambia, akitazama ramani yangu, "mto wako una bidii sana. Njoo baada ya vipindi, nikupe kazi nyingine." Kazi nyingine ilikuwa fidla.

Hakuvaa gauni refu jeusi kama wanavyovaa wapigaji wa huko Ulaya. Alivaa kitenge na raba nyeupe, zile za mchaka mchaka, kwa sababu alisema mpiga selo anashika ardhi kwa miguu na viatu vya kisigino vinateleza. Harjit, ambaye alipiga pasi hata tai, aliona aibu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili aliacha tai. Mwaka wa tatu akanunua raba.

Kusifu kulimwia vigumu mno. Ukipiga vizuri hadi watu wakasimama, yeye alisema, "Haikuwa mbaya." Ukipiga vibaya, alisema hivyo hivyo, ila alikutazama. Ilinichukua miaka kujua tofauti ya "haikuwa mbaya" mbili. Mara moja tu nilimsikia akivuka mpaka. Tulikuwa tunapakia vitu garini Mbulu, mvua inaanza kudondoka, akamgeukia Harjit na kumwambia, "Leo ulinisikia." Basi. Harjit aliendesha ile Noah hadi Arusha akitabasamu peke yake kama mtu aliyeposa na kukubaliwa.

Kwa watu waliokuja kusikiliza alikuwa mpole kuliko alivyokuwa kwetu. Muziki wetu una sehemu tatu au nne, na wanaojua husubiri mpaka sehemu ya mwisho ndipo wapige makofi. Babati watu walipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza, tena kwa vigelegele. Harjit akakunja uso. Mwalimu akaweka upinde chini, akasimama, akainama mbele yao, akaketi tena. Baadaye Harjit alilalamika kwamba tunawazoesha vibaya.

"Mgeni akisifia chai yako kabla hajamaliza kikombe, utamkemea?" Mwalimu akamuuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi."

Kule kwenye hoteli, hata hivyo, upole huo sikuuona. Ilikuwa hoteli moja ya watalii ambayo sitaitaja. Meneja alituomba tupige wakati wa chakula cha mchana, na Mwalimu, ambaye siku zote alikataa kupiga pembeni ya sahani za watu, alikubali kwa sababu Harjit alikuwa amebembeleza wiki mbili. Tukaanza. Wageni wakaendelea kuongea. Waliongea juu ya simba waliowaona, kwa sauti, na mmoja akamwita mhudumu kwa kupiga makofi katikati ya pale ninapopenda kuliko pote. Mwalimu akaacha kupiga. Sisi tukaacha. Akakaa, mikono juu ya magoti, akiwatazama kama alivyowatazama wanafunzi wa kidato cha pili.

Meneja akaja mbio kwa ncha za viatu. "Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, baba. Tunawasubiri wamalize."

"Hawatamaliza, mama. Hii ni lanchi."

Mwalimu akafikiri kidogo. Kisha nikamwona anatazama upande wa pili, kwenye mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi nusu. Pale mlangoni walikuwa wamesimama wapishi wawili, dada mwenye glavu za kuoshea vyombo hadi kwenye viwiko, na mzee aliyeshika kikapu cha viazi. Walikuwa wametulia kama watu wanaosikiliza habari za nyumbani. Mwalimu akainuka, akakishika kiti chake, akakigeuza hadi mgongo wake ukawaelekea wageni. Akamwambia Harjit abaki alipo, akaniambia mimi nisogee huku. Akawapungia wale watu wa jikoni, akasema, "Samahani, tulikaa vibaya. Tunaanza upya."

Tukapiga kipande chote, dakika ishirini na saba, tukielekea jikoni. Wageni wakanyamaza wenyewe, wakishangaa kulikoni. Meneja hakutuita tena, lakini mzee wa viazi alimletea Mwalimu ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye karatasi, na Mwalimu, ambaye hakula chakula cha hoteli hata siku moja, alizila zote kabla hatujatoka getini.

Kuhusu chakula: alituambia mimi na Harjit kwamba mpiga muziki hali saa mbili kabla ya onyesho, kwa kuwa tumbo lililojaa linasinzia. Yeye mwenyewe alikuwa na chupa kubwa ya loshoro miguuni, na tulipopita Kisongo tu kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa. Tukimwuliza, alisema loshoro si chakula, ni maziwa yenye mahindi.

Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Alitufundisha kutokuogopa jukwaa. Alisema woga ni majivuno tu, ni kudhani watu wamekuja kukutazama wewe. Nilimwamini hadi siku ya onyesho letu Same, nilipomfuata nyuma ya ukumbi kumwambia tumeitwa, nikamkuta bombani anaosha mikono. Akafunga bomba, akafungua tena, akaosha tena. Nilihesabu mara saba. Alipogeuka akanikuta, alisema, "Maji ya huku ni mazuri sana," akanipita kama dakika hiyo haikuwepo. Tangu hapo nilijua. Kabla ya kila onyesho nilihakikisha kuna bomba karibu, na kama hakuna nilibeba galoni.

Kisa ambacho Harjit hupenda kusimulia ni cha Makuyuni. Askari wa barabarani alitusimamisha, akatazama ndani ya gari, akaona lile boksi la selo limelazwa kiti cha nyuma, limefungwa mkanda. Akasogea nyuma hatua moja.

"Hiyo ni nini?"

"Selo," Mwalimu akajibu.

"Ni nani?"

Mwalimu akashuka. Akalifungua boksi pale pale kando ya lami, akaketi kwenye ndoo, akapiga sehemu ya polepole ya kipande tulichokuwa tunaenda kupiga. Akina mama waliokuwa wanauza shanga wakasogea. Magari mawili yakasimama bila kusimamishwa. Alipomaliza, askari alikuwa amevua kofia.

"Mama, hii ni ya msiba?"

"Hapana. Ni ya furaha, ila imechoka."

Askari akatikisa kichwa kama mtu aliyeielewa hali hiyo vizuri. "Mpite," akasema. "Pole pole na hiyo."

Basi maisha yalikuwa hayo, na kama yangeendelea hivyo nisingekuwa na la kusimulia zaidi ya vichekesho. Lakini katika noti za selo kila kidole cha mkono wa kushoto kina namba yake: cha shahada ni moja, cha mwisho ni nne. Mwalimu aliandika namba hizo kwa penseli juu ya kila mahali pagumu. Siku moja, nikimgeuzia kurasa, niliona kwamba nne zote zimefutwa. Pale palipokuwa na nne, sasa palikuwa na tatu. Mahali pengine alikuwa ameandika mruko wa ajabu, mkono uruke wote juu na chini, ili mradi kidole cha mwisho kisiguswe. Nikatazama mkono wake. Kidole kile kilikuwa kimekunjamana kama mtu aliyelala kwa baridi.

Sikusema kitu. Nilijiambia nitamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa mwaka. Nilipiga kwa sauti ndogo pale alipohangaika, na nikachelewa kidogo kumsubiri, nikidhani najua mimi peke yangu. Kumbe Harjit naye alikuwa anachelewa kidogo kumsubiri, akidhani anajua yeye peke yake. Tulikuwa tunazidi kwenda taratibu kila mwezi na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ikafika Moshi. Ukumbi umejaa, jioni ya Jumamosi, hewa nzuri baada ya mvua. Katika sehemu ya polepole kuna mahali selo inabaki na wimbo peke yake, piano chini inapumua tu. Mwalimu akaingia vizuri. Halafu sauti ikakatika. Akaanza tena vipimo viwili nyuma, yale mafungu ya mapigo tunayohesabu tukipiga. Ikakatika tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebana shingo ya selo na haufunguki.

Nikasikia mlango wa nje ukijigonga kwa upepo. Mwalimu akainua kichwa. "Ndugu zangu, samahanini," akasema, kwa sauti ile ile ya darasani. "Mkono wangu umegoma."

"Pole, mama!" mtu mmoja akaitikia kutoka nyuma, na watu wakacheka kidogo, cheko la huruma.

"Asante. Hajagoma mtu mzima, umegoma mkono tu." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini hayakudondoka. "Ndeshi, chukua wimbo."

"Mwalimu, mimi sina..."

"Umeusikia miaka kumi na moja. Chukua."

Nikauchukua. Niliupiga juu, kwenye fidla, bila karatasi, na yeye akaweka upinde chini, akawa anadonoa nyuzi nene kwa mkono wa kulia, tu, tu, tu, chini yangu. Watu walidhani ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nilipiga huku naona ukungu mbele ya macho, na nilipomaliza sikumbuki makofi.

Tulikuwa njiani kurudi, tumeshapita Boma Ng'ombe.

"Nimemaliza," Mwalimu akasema.

Harjit akaweka gari pembeni. "Umemaliza nini, Mwalimu?"

"Kupiga selo. Usilie, Harjit, unaendesha."

"Nimesimama, Mwalimu."

"Basi lia kidogo halafu twende."

Alhamisi iliyofuata alikuja mazoezini na mwanaume wa miaka kama arobaini, mpana wa mabega, mwenye alama za moto mikononi. Akasema anaitwa Lazaro, fundi wa kuchomelea mageti huko Olasiti, na Jumapili hupiga matarumbeta kanisani. Mwalimu akampa selo, akamwambia, "Waonyeshe." Lazaro akaketi, akapiga ule wimbo uliokatika Moshi. Alipiga kwa kukakamaa, jasho linamtoka, lakini alipiga wote.

"Amejifunza wapi?" nikauliza.

"Kwangu. Miaka mitatu. Kila Alhamisi asubuhi."

Alhamisi asubuhi ndiyo siku aliyotuambia anaenda kliniki ya mgongo. "Umetudanganya miaka mitatu," nikamwambia. Sikuwahi kumpandishia sauti maishani mwangu. "Ulijua, ukatuacha tunapanga maonyesho, tunacheka, kumbe unatafuta wa kukuzika."

Lazaro akatazama sakafu. Harjit akaanza kupanga maboksi ya breki yaliyokuwa yamepangwa tayari.

"Ningewaambia, mngeanza kunihurumia," Mwalimu akasema. "Na mkinihurumia mnapiga taratibu. Mmekuwa mnapiga taratibu mwaka mzima, nyie wawili, mnadhani sina masikio. Ulikiona kidole changu, Ndeshi, ukanyamaza. Nami niliona kwamba umekiona, nikanyamaza. Tuko sawa. Sasa kaa na mwenzio, anzeni."

Nilikaa, lakini kwa miezi miwili sikumtazama Lazaro usoni. Nilimpigia kama mtu anayempita jirani aliyegombana naye. Yeye hakulalamika. Alikuwa akija na noti zilizojaa penseli, akiuliza, "Dada, hapa nikusubiri au unisubiri?" Mwishowe siku moja tukiwa Karatu aliingia kwenye wimbo wake kwa namna ambayo bega langu lilifunguka lenyewe, nikajikuta namtazama na kucheka. Nilipoketi garini nilimwambia, "Haikuwa mbaya." Akauliza, "Ni ile nzuri au ile nyingine?" Nikamwambia ni ile nzuri.

Lakini Mwalimu hakuja kutusikiliza. Alihama Themi, akapanda mlimani Akheri kwenye kahawa na migomba yake. Selo alimwachia Lazaro. Tulimwalika onyesho la kwanza, akasema yuko na mafundi wa paa. La pili, ng'ombe anazaa. La tatu akasema ukweli: "Nikija mtakuwa mnanitazama mimi. Msinitafute kwanza." Mwaka ukapita. Kwenye simu alikuwa mchangamfu mno, na uchangamfu ule ulinitia wasiwasi kuliko kilio. Nilimwona kichwani mwangu amekaa sebuleni, mkono ule mapajani, anatazama pembe ilimokuwa ikisimama selo. Nilipomwambia Lazaro wasiwasi wangu alikohoa, akasema ana geti la kumalizia.

Basi Jumapili moja nilinunua keki, nikapanda Akheri bila kumwambia mtu. Nilipanga hata maneno ya kumfariji; niliyarudia njia nzima kuanzia Tengeru. Nyumba nikaikuta imefungwa. Mama mmoja jirani, aliyekuwa anaanika maharage, akaniambia, "Wako kwenye mavuno leo. Shuka hapo, utawasikia kabla hujawaona."

Kweli niliwasikia. Maandamano ya mavuno yalikuwa yanapanda kutoka kanisani, wanawake wamebeba mikungu ya ndizi kichwani, mbuzi wawili wamefungwa utepe, na mbele yao matarumbeta, kama watu kumi na wanne hivi wenye fulana za kijani. Safu ya mwisho, upande wa mfereji, alikuwepo Mwalimu. Alikuwa na kitenge na raba nyeupe zilizojaa tope jekundu, na tarumbeta la besi, lile kubwa kuliko yote, lilikuwa limemzunguka hadi kikabaki kichwa tu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza. Mkono wa kushoto kazi yake ilikuwa kulikumbatia lile pipa la shaba lisidondoke.

Nilisimama na keki yangu.

"Huyo ni mwanafunzi wetu mpya," mama mmoja mwenye mkungu akaniambia aliponiona nimeganda. "Ana mwaka wa nne sasa wa kujifunza na bado anaitwa mpya. Alifundishwa na fundi mmoja wa mageti wa Olasiti. Asubuhi mmoja mwalimu, mwingine mwanafunzi. Wakinywa chai, wanabadilishana."

Nikahesabu. Mwaka wa nne. Alhamisi zile zote alizomfundisha Lazaro selo, Lazaro naye alikuwa anamfundisha yeye. Hakuwa amekaa sebuleni hata siku moja.

Yale maneno ya kufariji niliyotoka nayo nyumbani yalinitoka kichwani yote. Nikakimbia kando ya mfereji hadi nikamfikia, nikatembea sambamba naye, nikihema.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Hakugeuza shingo. Macho yalikuwa mbele, midomo mbali kidogo na tarumbeta, inacheza bila sauti.

"Mwalimu, shikamoo! Ni mimi, Ndeshi!"

"Usinisemeshe," akasema kwa pembe ya mdomo. "Nahesabu."

Nikatembea naye nikihesabu na mimi, kwa vidole juu ya boksi la keki, nisijue tunaelekea ngapi. Matarumbeta madogo yalikuwa yanapanda na kupanda kama watoto wanaokimbilia juu ya kilima. Mwalimu akavuta pumzi hadi mabega yakainuka, akaingia. Sauti ilikuwa nene, pana, chafu kidogo pembeni, na ilipita kwenye nyayo zangu kabla haijafika masikioni. Mbuzi mmoja akaruka. Akina mama wakapiga vigelegele. Akapiga vipimo vinane, uso umevimba, jasho linamshuka shingoni, akafika mwisho wa mstari pamoja na wenzake wote.

Kisha akashusha tarumbeta, akanigeukia kwa mara ya kwanza, akicheka hadi pumzi zikamwishia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba, marahaba. Haya, ongeza mwendo, nina vipimo kumi na viwili tu vya kusalimiana kabla sijaingia tena."